"Hakuna swali? Basi tuendelee": barua ya wazi kwa viongozi wa vijiji na kata

Ndugu wenyeviti wa vijiji, ndugu watendaji wa vijiji na kata, waheshimiwa madiwani,

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu marahaba. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimeshika chaki miaka thelathini na ushei, na sasa nalima ndizi na iliki kidogo kwenye miteremko ya Uluguru, mkoani Morogoro. Kijiji changu sikitaji. Woga upo, siwafichi, na tutaufikia. Lakini sababu kubwa ni kwamba nikikitaja, wa vijiji vingine mtaisoma barua hii kwa raha na kusema, "Ehe, hayo ni ya kwao."

Naandika juu ya sekunde tano. Taarifa ya mapato na matumizi imeshasomwa. Mwenyekiti anainua macho, anauliza, "Kuna mwenye swali?" Anatupa jicho kushoto, anatupa jicho kulia. "Hakuna? Basi tuendelee." Na kwenye muhtasari mnaandika kwamba wananchi waliipokea taarifa kwa kauli moja.

Mkutano wetu wa mwisho uliitwa saa nne asubuhi, ukaanza saa saba na nusu. Meza kuu ilikuwa na kitambaa cha bluu, maua ya plastiki na chupa za maji. Sisi tulikaa kwenye mizizi ya mwembe, wengine juu ya matofali yaliyobaki kwenye ujenzi wa zahanati, kina mama upande wao wamekunja miguu juu ya khanga. Mgambo wawili walisimama nyuma yetu. Wangeweza kusimama pembeni au mbele, walisimama nyuma. Daftari la mahudhurio lilizungushwa mapema, ajenda hazijasomwa, kila mtu akatia saini au dole gumba. Kisha mtendaji akasoma taarifa mbio mbio kama mtu anayewahi basi: salio anzia, laki tatu na sabini, milioni moja na laki mbili, matumizi mengineyo, salio ishia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na karatasi mkononi. Mimi niliyefundisha hesabu maisha yangu yote nilipotea kwenye mstari wa nne.

"Kuna mwenye swali?"

Akasimama kijana mmoja, fundi wa samani za mbao. Alivua kofia kwanza. "Mwenyekiti, shikamoo. Mimi naomba kuuliza tu. Taarifa inasema mabati ya zahanati yalinunuliwa mia moja na ishirini. Mimi nilikuwa saidia fundi pale juu, na ninavyokumbuka hatukupandisha hata mia. Hayo mengine yako wapi?"

Mwenyekiti hakumjibu. Alimuuliza, "Wewe mchango wako wa mwaka huu umelipa?" Watu wakacheka. Kile kicheko nakijua, ni cha mtu anayeshukuru kwamba fimbo imemwangukia mwenzake. "Na nani amekutuma? Hapa tusilete siasa. Maswali kama hayo yana mahali pake, kwenye mengineyo." Kijana akavaa kofia, akakaa. Tulipofika kwenye mengineyo jua lilikuwa limeshashuka, kina mama wamekwenda kuchota maji na kuinjika vyungu, na mkutano ukafungwa kwa sala.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Sikufungua mdomo.

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa, na nimewasikia viongozi, wa kwetu na wa kwingine, mkilieleza kwa namna tofauti. Mmoja alisema watu wa vijijini hawana uelewa, mambo ya mahesabu yanawapita. Mwingine, mtu mzima na mstaarabu, aliniambia kwamba ndiyo mila zetu: mtoto hamsemeshi baba, na raia hamhoji kiongozi. Na wapo wanaoamini kabisa kwamba kimya maana yake tumeridhika.

La uelewa nalikataa kwa ushahidi wa Alhamisi. Kila Alhamisi jioni, chini ya mwembe ule ule, kina mama wa kijiji chetu wana kikoba chao. Kisanduku kina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Kinafunguliwa mbele ya wote. Kabla hata hawajaanza kununua hisa, mwenyekiti wao anauliza, "Wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" na kikundi kizima kinataja kiasi kwa pamoja, kwa kichwa, bila daftari. Pesa zinahesabiwa kwa sauti noti moja moja. Nimeshuhudia kwa macho yangu jioni waliyopungukiwa shilingi mia mbili. Walikaa mpaka giza likaingia, mtu akaleta tochi, na hakuna aliyeondoka mpaka ilipoonekana kwamba mama mmoja alipewa chenji kimakosa. Hakuna aliyetukanwa. Hakuna aliyeambiwa ametumwa. Aliyeuliza kwa ukali kuliko wote ni mama aliyeishia darasa la nne, yule yule ambaye kwenye mkutano mkuu wa kijiji hajawahi kunyoosha mkono hata kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Ni mtu yule yule, mti ule ule, na Kiswahili kile kile. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba tatizo halimo vichwani mwetu. Kwenye kikoba swali ni sehemu ya utaratibu. Linatangulia, na anayelipa faini ni aliyechelewa au aliyepiga kelele, si aliyeuliza. Kwenu swali lina bei, na bei hiyo mnaipanga ninyi.

La mila nalo niruhusuni nilijibu kidogo, maana mimi ni mtoto wa hapa hapa. Mwisho wa miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza ilikuja na mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, na asiyechimba alipigwa faini. Wataalamu walikuwa na vyeti vyao, lakini matuta yale kwenye miteremko yetu mikali yaliufukia udongo wa juu wenye rutuba na kuufunua ule mkavu wa chini. Mkulima yeyote angewaambia. Marehemu mama yangu alikuwa kigori wakati huo, naye alisema wazee walianza kwa kuuliza, wakaonekana wakaidi. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo serikali iliacha kulazimisha matuta. Waliokwenda Matombo ndio mababu zetu sisi tunaoambiwa leo kwamba kutohoji ni mila yetu. Heshima kwa wakubwa tunayo, na mimi nisipoamkiwa na kijana naumia. Lakini mzee wa ukoo kwetu akigawa shamba vibaya anaulizwa na wapwa zake palepale barazani, na anajibu. Utaratibu wa kusimamisha mgambo nyuma ya wanaosikiliza haukutoka kwa bibi zetu. Ulikuja na maakida wa Mjerumani, Mwingereza akaurithi, na sisi tulipopata uhuru tuliubakiza, labda kwa sababu ulikuwa unafanya kazi.

Hata baada ya uhuru tumelipia kimya hiki. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba mpaka mwisho wa 1976 wakulima wote wawe wamehamia vijijini. Wazo lenyewe lilikuwa na mantiki yake: shule, maji, zahanati. Lakini wengi walitolewa kwenye mashamba waliyoyajua wakapelekwa mahali wasipopajua, wengine mbali na maji, na kwingine nyumba za zamani zilichomwa ili watu wasirudi. Viongozi wa mikoa na wilaya walishindana kupeleka juu idadi ya waliohama. Kwa utaratibu wa namna ile ni bwana shamba yupi angethubutu kuandika kwamba mahali palipochaguliwa hapafai?

Sasa tuje kwenye bei, maana ninyi mliokaa meza kuu nadhani hamuioni kutoka huko mliko.

Ukitaka kitambulisho cha taifa unahitaji barua ya utambulisho yenye muhuri wa mtendaji. Mwanao akitaka mkopo wa chuo, karatasi zake zinapita kwenu. Ndugu akikamatwa, anayemwekea dhamana anadaiwa barua. Mbolea ya ruzuku inaanza na daftari la wakulima, na daftari liko ofisini kwenu. Majina ya kaya maskini za TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, yanapitia mikutano mnayoiongoza. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, kikundi hakiigusi bila kupita kwenye kijiji na kata. Na juu ya yote hayo kuna ardhi. Mtu wa mjini anaweza kukosana na mwenyekiti wake wa mtaa na maisha yakaendelea. Mtu wa kijijini akikosana na ofisi yenu, amekosana na dirisha pekee linalotazama serikalini.

Huhitaji kumtisha mtu kama huyo. Yule kijana wa mbao hakutishwa na yeyote. Wiki iliyofuata alikwenda kuomba barua ya utambulisho apeleke benki, akaambiwa muhuri umepelekwa wilayani. Akarudi Jumatatu, akaambiwa mtendaji yuko semina. Akarudi Alhamisi, wino umekwisha. Pengine yote matatu yalikuwa kweli. Mimi siapi kwamba alikomeshwa. Ninachojua ni kwamba kijiji kizima kiliziona safari zake tatu na kila mtu akapiga hesabu yake kimya kimya. Tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na nashukuru ipo. Lakini sheria haina muhuri wa kijiji.

Halafu kuna bei nyingine isiyohusu karatasi, nayo ni majina. Ukiuliza mara moja, una kimbelembele. Mara ya pili, unapinga maendeleo. Mara ya tatu, umetumwa. Mwenye nyumba na watoto anawaza: mke wangu atasikia nini kisimani? Mdomo uliponza kichwa. Kwa hiyo maswali hayafi, yanahama. Yapo kwenye kijiwe cha bodaboda, kwenye matanga, kilabuni, kwenye simu usiku. Huko yanakutana na uongo, yanazaliana, na yakirudi kwenu yanarudi yakiwa tuhuma kubwa kuliko kosa lenyewe. Mwenyekiti wetu anasemwa kilabuni kwamba amejenga kwa mabati yetu. Nyumba yake nimeiona, ina mabati ya zamani yenye kutu. Angejibu lile swali siku ile, angejinusuru na fitina hii yote.

Nafika mahali pagumu, maana siwezi kuwanyooshea kidole ninyi peke yenu.

Nilipoutazama ule umati chini ya mwembe, zaidi ya nusu ya watu wazima waliokuwa pale nimewafundisha mimi. Ukutani mwa darasa langu niliandika kwa rangi nyeusi, kwa mwandiko wangu mzuri, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nilimaliza kila somo kwa kuuliza, "Mmeelewa?" Wanajibu, "Ndiyooo, mwalimu." "Nani hajaelewa?" Kimya. Na aliyewahi kunyoosha kidole nilimuuliza, tena mbele ya wenzake, alikuwa anawaza nini wakati mimi nafundisha. Mnaiona ile sekunde tano yenu ilikotoka.

Siku moja, nadhani ilikuwa mwaka 1994, niliandika ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Mkono uliteleza tu. Darasa la nne, watoto sitini na mmoja, na jedwali la nane walikuwa wameliimba tangu darasa la tatu. Jioni nikasahihisha madaftari kwa taa ya chemli. Daftari la kwanza hamsini na nne, la pili hamsini na nne, nikaanza kuweka mikasi mikubwa kwa kalamu nyekundu mpaka nilipokumbuka kwamba mimi ndiye niliyeandika. Nikapekua yote. Sitini na moja, yote hamsini na nne. Lakini kwenye daftari moja la msichana aliyekuwa akikaa dirishani, karatasi ilikuwa imechubuka. Nikaisogeza kwenye taa. Chini ya hamsini na nne ilionekana hamsini na sita, imeandikwa kwa penseli na kufutwa kwa kifutio mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Asubuhi nikamuuliza mbona alifuta. Akatazama chini. "Mwalimu, si ndivyo ulivyoandika."

Nilicheka siku ile. Nilisimulia ofisini na walimu wenzangu wakacheka. Nilikuja kuacha kucheka baada ya miaka mingi, nilipoanza kuliona lile daftari kila mkutano unapofika kwenye "Hakuna? Basi tuendelee." Watu wazima mia mbili wanashika vifutio.

Na msidhani ni sisi Waswahili tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Solomon Asch, aliwakalisha wanafunzi wa chuo mezani, akawaonyesha mstari mmoja na mingine mitatu, wataje upi unalingana nao. Jambo la mtoto mdogo. Ila mezani alikuwapo mmoja tu asiyejua mpango. Wengine wote walikuwa wamepangwa wataje jibu la uongo, kila mmoja kwa uso mkavu. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa waliwafuata wenzao kwenye uongo angalau mara moja, na macho yao yalikuwa mazima. Jambo lililonikaa zaidi ni lile alilofanya baadaye. Alimweka mtu mmoja, mmoja tu, wa kutaja jibu la kweli kabla zamu ya mjaribiwa haijafika. Kufuata mkumbo kukashuka mpaka kama robo ya mwanzo. Mjaribiwa hakuhitaji umati wa kumuunga mkono. Sauti moja ilitosha.

Tena lipo lile la ndege, ambalo huwa nawasimulia wajukuu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, ukungu mzito, ndege mbili kubwa uwanjani, moja ya KLM ya Uholanzi, nyingine ya Pan Am ya Marekani. Rubani mkuu wa KLM, mmoja wa wakubwa kabisa katika kampuni yake, alianza kukimbiza ndege ili aruke. Mhandisi aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ya Pan Am haijatoka bado kwenye njia. Rubani akamjibu kwa mkazo kwamba imeshatoka. Mhandisi hakuuliza tena. Ilikuwa haijatoka. Walikufa watu 583. Mashirika ya ndege yalichukua fundisho, yakaanza kuwafunza wadogo namna ya kusema mara ya pili na wakubwa namna ya kusikia mara ya kwanza. Kwetu swali la kwanza huwa linaulizwa, mara nyingi. Tunachokosa ni la pili.

Najua mtendaji atasema, "Mwalimu, na sisi tuna wakubwa wetu." Kweli kabisa, na nawahurumia. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Anaweza kupewa uhamisho leo. Yupo anayepewa lengo la michango na tarehe, bila kuulizwa kama mvua zimenyesha. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, na sote tumeona kwenye televisheni mtumishi akifokewa hadharani, amesimama kama mtoto wa darasa la kwanza, na umati unashangilia. Mimi sishangilii. Nikimwona mtendaji anatetemeka mbele ya mkubwa wake, najua Ijumaa ni zamu yetu kutetemeka mbele yake. Kwenye kikao cha kata nanyi mnaulizwa, "Kuna mwenye swali?" Nani kati yenu huwa ananyoosha mkono?

Kwa hiyo siwaombi muwe mashujaa. Nawaomba mambo ambayo mengi hayana hata gharama.

Taarifa ibandikwe ubaoni wiki moja kabla, kwa maandishi ya mtu kusoma, siyo karatasi iliyopigwa picha ikafifia, na nakala ikae kwa kila mwenyekiti wa kitongoji. Mtu hawezi kuuliza juu ya kitu alichokisikia mara moja kwa mbio. Maswali yatoke kwenye mengineyo, yaje mara baada ya taarifa, watu wakiwa bado wapo na jua lipo. Mgambo wakae nasi kwenye mizizi, nao ni wananchi, wana haki ya kuuliza. Mahudhurio yasainiwe mwishoni. Ninyi mnajua, na mimi najua, kwamba orodha ya saini ikishakuwepo inaweza kuambatanishwa na muhtasari wowote, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuidhinisha. Saini zetu ni shamba za watu.

Na muulizaji wa kwanza ajibiwe. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Asiulizwe kalipa mchango au kabila lake au chama chake. Ajibiwe swali. Kama jibu hamna, semeni "hatuna, tutalileta tarehe fulani", na mlilete. Watu mia mbili wanamtazama yule mmoja kuona atafanywa nini, na ndani ya dakika moja wanaamua watakuwa raia wa namna gani mwaka mzima. Mkimcheka, msitegemee mwingine. Mkimjibu vizuri, mtashangaa mikono mingapi itanyooka, na mengine yatakuwa maswali ya kipuuzi, ya mbuzi wa jirani na mipaka ya mihogo. Vumilieni. Nimefundisha watoto, najua: anayeuliza la kipuuzi leo anapima kina cha maji.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu, yaani sisi wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, ndio wenye kauli ya juu katika mambo ya kijiji. Katiba, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Nayataja haya kwa kupita tu. Mnayajua, mengine mmeyasoma mkiapishwa.

Sasa nimalizie deni langu.

Wiki mbili kabla ya mkutano ule nilimpeleka mjukuu wangu zahanati kuchomwa sindano. Foleni ilikuwa ndefu, mtoto analia, nikamtoa nje nimpe la kufanya. Nikamwambia ahesabu mabati juu ya paa. Akahesabu upande mmoja, akiashiria kwa kidole: safu tatu, kila safu kumi na nne. Tukazunguka nyuma, vile vile. Nikamwambia azidishe. Alichora chini kwa kijiti, akakosea, akafuta kwa kisigino, akapata themanini na nne.

Kwa hiyo yule kijana alipoulizwa nani amemtuma, mimi nilikuwa na jibu la swali lake mfukoni, nikalifuta.

Mkutano ujao, kwa utaratibu wa kila miezi mitatu, ni mwezi ujao. Nitakuja mapema, nitakaa kwenye mzizi ule ule, karibu na yule fundi kama atakuja. Inawezekana mabati thelathini na sita yapo stoo. Inawezekana yalikwenda kwenye vyoo vya shule, au mwenye duka alileta pungufu na mtendaji akaona aibu kusema. Lolote kati ya hayo nitalipokea. Lakini naliuliza sasa kwa maandishi, ili asionekane aliuliza peke yake: taarifa inasema mabati mia moja na ishirini, juu yapo themanini na manne. Mengine yako wapi?

Wenu katika ujenzi wa kijiji,
Mwalimu mstaafu, Uluguru